Dhamana ya Maji Machache

Miongoni mwa maswali ya zamani yanayowashughulisha watu wenye kufikiri, liko moja ambalo kwa desturi huulizwa juu ya mambo makubwa: juu ya mtawala na raia, bwana na mtumishi, mzazi na mtoto. Swali lenyewe ni hili: mwenye uwezo juu ya mwingine ana wajibu gani kwake? Katika mambo makubwa swali hili hufunikwa na mabishano ya mali, cheo na siasa, hata sura yake halisi ikawa shida kuonekana. Kwa hiyo si vibaya kulitazama walau mara moja katika jambo dogo, ambamo uwezo ni kamili, na aliye chini ya uwezo hana ulimi wa kulalamika wala mlango wa kutokea. Jambo dogo nililolichagua ni tangi la kioo la kufugia samaki nyumbani, na hasa chombo kimoja kinachowekwa chini yake, ambacho katika insha hii nitakiita chujio la mkebe.

Yamkini msomaji atatabasamu na kuuliza falsafa ina kazi gani na ndoo ya maji machafu. Jibu langu ni kwamba tabia ya mtu haipimwi kwa mambo anayoyatenda mbele ya watu tu. Hupimwa pia, na pengine kwa haki zaidi, kwa mambo ambayo akiyatenda hapana amsifuye, na akiacha kuyatenda hapana amlaumuye. Kusafisha chujio la samaki ni moja katika mambo hayo.

Ufugaji wa samaki katika kioo, kwa namna tuijuayo leo, si jambo la kale sana. Mwaka 1832 Jeanne Villepreux-Power, mwanamke wa Kifaransa aliyekaa Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza vyombo vya kioo ili apate kuwachungua wanyama wa bahari wangali hai. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, alieleza jaribio lake la kuweka samaki na majani ya maji katika chombo kimoja. Majani yalitoa hewa waliyoihitaji samaki, lakini yalipoanza kuoza maji yalichafuka na kuingia utando. Warington akatia konokono. Konokono wakala yaliyooza, na maji yakatakata. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na watu wengi wakatamani kuwa na kitu kama hicho majumbani mwao. Tangu mwanzo, basi, jambo hili lilikuwa na fundisho ndani yake. Haikutosha kuwa na samaki mzuri na kioo kizuri. Alihitajika mfanya kazi wa tatu, mnyonge na asiyetamanika kwa sura, ambaye kazi yake ni kushughulika na uozo.

Na tuchukue mfano mmoja ili mazungumzo yetu yasielee hewani. Katika Ziwa Tanganyika, na humo tu, huishi samaki mdogo sana ambaye wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus. Urefu wake hauzidi sana sentimita 4 au 5, na makazi yake ni makombe matupu ya konokono yaliyolala juu ya mchanga. Huishi kwa jamaa kubwa, wakubwa kwa wadogo, na huchimba mchanga kwa kinywa bila kuchoka. Kwa ajili ya udogo wake hupendwa na wafugaji wa nchi nyingi, maana jamaa nzima yaweza kukaa katika tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Tangi hilo likijaa huchukua lita 54. Ziwa lilikotoka kabila la samaki huyu lina kina cha mita zipatazo 1,470 mahali palipo virefu kuliko pote, na maji yake ni karibu sehemu moja katika sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia pasipo kuganda. Mtu anayekihamisha kiumbe kutoka kule hadi huku amefanya jambo kubwa kuliko anavyodhani.

Amefanya jambo gani? Samaki hula, na kila alaye hutoa taka. Kwa njia ya mashavu yake samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Na katika maji yenye magadi kama ya Ziwa Tanganyika, ambayo kipimo chake cha pH hukaribia 9, sumu hiyo huwa kali zaidi. Ziwani jambo hili halina hatari. Amonia hutawanywa na maji mengi, tena wako viumbe wasioonekana kwa macho ambao huigeuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Sergei Winogradsky alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na makundi mawili ya bakteria: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, na la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba wako bakteria wa jamii ya Nitrospira wawezao kuifanya kazi yote tangu mwanzo hata mwisho peke yao. Na baadhi yao walipatikana katika chujio la mahali pa kufugia samaki. Nitriti nayo ni sumu. Huingia katika damu kwa njia ya mashavu na kuizuia isibebe oksijeni, hata damu ikageuka rangi ya kahawia, na samaki hufa kwa kukosa pumzi katika maji yaliyojaa pumzi. Nitrati peke yake ndiyo yenye kuvumilika, ikiwa si nyingi.

Chujio la mkebe ni jaribio la kumrudishia samaki sehemu ndogo ya ziwa. Ni pipa dogo la plastiki lenye mfuniko unaobanwa juu ya mpira wa duara, nalo huwekwa chini ya tangi, mara nyingi ndani ya kabati. Maji hushuka humo kwa uzito wake kupitia mpira mmoja, hupita katika tabaka mbalimbali, kisha pampu iliyo katika mfuniko huyarudisha tangini kupitia mpira wa pili. Moyo wa pampu ni kipangaboi chenye sumaku kinachozunguka juu ya kijiti cha kauri. Tabaka la kwanza ni sponji yenye matundu makubwa inayokamata taka nene. La pili ni vipande vya kauri vyenye vitundu visivyohesabika, ambavyo ni nyumba ya bakteria. Na la mwisho ni pamba laini inayonasa vumbi. Kwa tangi letu la lita 54, pampu yenye kupitisha lita 200 hadi 270 kwa saa yatosha, yaani maji yote hupita chujioni mara nne au tano kila saa.

Sasa tuulize: kitu hiki ni ukarimu wa mfugaji, au ni deni lake? Watu wengi hukitaja kama ukarimu. Husema wamewanunulia samaki wao chujio zuri, kama asemavyo mtu aliyempa rafiki zawadi. Mimi naona ni deni. Ziwani samaki alikuwa na maji ambayo hakupewa na mtu. Aliyemfunga alimwondolea maji hayo, na tangu siku hiyo amejitwika kazi iliyokuwa ikifanywa na ziwa bure. Aliyebomoa nyumba ya mwenziwe akamjengea kibanda hawezi kujisifu kwa kibanda. Hata samaki aliyezaliwa tangini, asiyeliona ziwa, hali yake ni ile ile, kwa kuwa hakuchagua kuzaliwa penye maji machache. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Lakini samaki wa tangini hana pa kumpishia.

Wanafalsafa wa Ulaya wamelijibu swali la wajibu wetu kwa wanyama kwa njia mbili mashuhuri. Immanuel Kant alifundisha kwamba wajibu huo kwa kweli ni wajibu wetu kwa wanadamu, kwa sababu mtu mkatili kwa mnyama huzoea ukatili, mwisho akawa mkatili kwa watu. Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, alishika kwamba kipimo si akili ya mnyama wala usemi wake, bali ni kama aweza kuumia. Majibu haya mawili yana heshima yake, lakini mbele ya tangi yanapunguka. La Kant humkamata mkatili, halimkamati mzembe. Mtu aliyeliacha chujio lake miezi minane bila kulifungua hakukusudia ukatili wowote. Moyo wake haukuwa mgumu. Alisahau tu, na kesho atakuwa mpole kwa jirani zake vile vile. La Bentham lina nguvu zaidi, na mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba samaki aitwaye trauti ana neva zenye kutambua madhara. Lakini mabishano kama kutambua huko ni maumivu kama tuyajuavyo sisi bado yanaendelea.

Je, wajibu wa mfugaji usubiri mpaka mabishano yaishe? Sioni hivyo. Wajibu wake haukutoka katika maumivu ya samaki peke yake. Ulitoka katika tendo lake mwenyewe la kumwondolea mwingine njia zote za kujisaidia na kuzishika yeye. Aliyeshika ufunguo ndiye aliyeshika dhamana. Hivi ndivyo tunavyohukumu katika mambo mengine. Mlinzi wa gereza hudaiwa maji ya mfungwa, si kwa sababu mlinzi ni mkarimu, wala kwa sababu mfungwa ni mwema, bali kwa sababu mfungwa hawezi kwenda kisimani.

Likisha kukubaliwa kuwa ni deni, lazalika swali la pili: deni hili hulipwaje? Hapa jina la chombo hutudanganya. Kwa kuwa kinaitwa chujio, twadhani kinaondoa uchafu. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi yake ni kuuficha. Taka iliyonaswa na sponji haikutoka katika maji. Imehama tu kutoka mahali panapoonekana hadi mahali pasipoonekana, na maji yale yale yanaendelea kuipitia usiku na mchana. Huko inaoza kama ambavyo ingeoza juu ya mchanga. Tangi linang'aa, wageni wanasifu, na kabatini taka inazidi. Siku zikipita mkondo hupungua kwa kuwa sponji imeziba, lakini mfugaji asiye makini hatambui, maana maji bado ni maangavu. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humfichua. Katika nyumba nyingi na afisi nyingi usafi ni wa namna hii: sebule imepambwa na uani hapapitiki, hesabu zimeandikwa vizuri na barua za wenye shida zimelala sandukuni. Kabla ya kusifu mwangaza wa maji, yatupasa kuuliza taka imekwenda wapi, na ni nani atakayekwenda kuitoa.

Liko kosa la upande wa pili, na hili huwapata watu wenye nia njema. Mtu akisha kutambua kwamba mkebe umejaa taka, huona haya, akaazimia kuusafisha barabara. Huyatoa yote yaliyomo, akayasugua chini ya bomba, pengine kwa sabuni, au akayatupa na kununua mapya. Mkebe hurudi mahali pake mweupe kama siku uliponunuliwa. Baada ya siku chache samaki huonekana wakihema karibu na uso wa maji, na baadhi yao hufa. Nini kilichotokea? Klorini, ambayo hutiwa katika maji ya bomba ili kuua vijidudu vya maradhi, imewaua bakteria wa chujio vile vile, maana haibagui. Amonia ikakosa wa kuigeuza. Mtu yule alidhani anafagia uchafu, kumbe anafukuza wafanya kazi. Ule utando wa kahawia uliokuwa ukimchukiza ndio uliokuwa uhai wa tangi.

Usafi wa macho na usafi wa uhai si kitu kimoja. Wa kwanza huuliza kitu kinaonekanaje. Wa pili huuliza kinafanya kazi gani. Watengenezaji wa mambo ya watu wameanguka mara nyingi katika kosa la yule mwosha mkebe. Wamekuta shughuli ya zamani, yenye mikono mingi na mwendo wa polepole, wakaiondoa yote kwa siku moja, ndipo wakagundua kwamba ndani yake ilikuwamo kazi ambayo hapana mwingine aliyeijua. Sisemi hivi ili kuitetea taka. Taka iliyoachwa huua, na nimekwisha kusema hivyo. Nasema kwamba anayesafisha anapaswa kwanza kujua katika yale anayoyaona machafu ni lipi taka na ni lipi mfanya kazi, na ikiwa hajui, mkono wake uwe mwepesi.

Njia ya haki yahitaji maarifa na saburi. Kwanza plagi ya umeme ichomolewe kabla mkono haujaingia majini. Koki za mipira zifungwe, mkebe ubebwe hadi penye ndoo, na ndoo iwe na maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba. Sponji ikamuliwe humo mara kadha mpaka ipitishe maji tena. Kauri zisuuzwe kidogo tu, kiasi cha kuondoa matope yanayoziba vitundu vyake. Pamba laini, ambayo haioshwi ikatakata, ibadilishwe. Ikiwa sponji au kauri zimechakaa, ibadilishwe sehemu moja na nyingine ingoje majuma kadha, ili wenyeji wa zamani wapate kuzaana katika nyumba mpya. Kipangaboi kitolewe kipanguswe, na tundu lake lisafishwe, kwa kuwa mchanga unaochimbwa na samaki wetu wa makombe huweza kufika huko ukakila kijiti chake. Na kwa sababu hiyo hiyo mdomo wa mpira unaonyonya maji uwekwe juu, mbali na mchanga. Mpira wa duara wa mfuniko uangaliwe kama una ufa au umeshikwa na chembe, maana ufa usioonekana waweza kumwaga maji sakafuni usiku kucha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi yote haifiki saa moja, na katika tangi dogo lisilosongwa na samaki yatosha kufanywa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Mkondo ukipungua kabla ya muda huo, isingojewe siku.

Swali la tatu ni hili: mashine ikisha kuwekwa na kutunzwa, je, mwenye deni amestarehe? Kuna mambo mawili yanayokataa. La kwanza ni nitrati. Chujio, hata likiwa bora, huishia hapo; nitrati hubaki majini na kuongezeka siku hata siku, ila kiasi kidogo kinachonyonywa na majani. Hapana budi sehemu ya maji, kama robo, itolewe kila juma na kuwekwa mengine yaliyoondolewa klorini, yenye joto na magadi yanayolingana na ya kwanza. Mkono wa mtu ndio unaomaliza kazi ambayo mashine haikuimaliza. La pili ni kukatika kwa umeme, jambo linalojulikana sana katika miji yetu. Bakteria wa chujio huvuta oksijeni iliyoletwa na maji yanayopita. Maji yakisimama ndani ya mkebe uliofungwa, oksijeni hiyo huisha. Saa zikipita nyingi wenyeji wa mkebe huanza kufa na kuoza, na maji ya humo hunuka. Umeme ukirudi usiku, mwenye nyumba amelala, pampu huanza kazi yake kwa utii na kuyasukuma maji yale mabovu juu ya samaki. Kwa hiyo baada ya giza refu mkebe usiwashwe kabla ya kufunguliwa na kusuuzwa. Na ikitazamiwa kwamba giza litadumu, ni afadhali sponji na kauri zitolewe zikae ndani ya tangi lenyewe, penye hewa.

Katika jambo hili la pili naona onyo kwa kila mtu aliyeweka kitu au mtu mwingine afanye wajibu kwa niaba yake. Mashine haina nia. Hutoa maji mazuri na maji mabaya kwa utii ule ule. Mzazi aliyelipa ada hakumaliza malezi. Aliyeajiri yaya hakuajiri upendo. Na aliyenunua chujio amenunua msaidizi, hakununua mrithi wa dhamana yake. Kazi yaweza kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono. Lawama ya kazi isipofanyika hubaki kwa yule aliyefunga mlango.

Hapa mtu mmoja aweza kusimama na kusema: ikiwa deni ni zito hivi, si afadhali tuwaache samaki ziwani? Hoja hii ni ya haki, na kwa watu wengi jibu lake ni ndiyo. Asiyeweza kulipa asikope. Lakini haifai kuifanya kanuni ya kila mahali. Katika Ziwa Viktoria sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipoongezeka sana katika miaka ya 1980 aina nyingi za samaki wadogo waitwao furu zilitoweka. Baadhi ya aina za furu zilizo hatarini zimehifadhiwa katika matangi ya majumba ya samaki na ya wafugaji huko Ulaya na Marekani. Kwa samaki hao kioo ambacho tumekiita gereza kimekuwa kimbilio. Hata hivyo mfano huu haumwondolei mtu wajibu; unauzidisha. Aliyezembea na samaki aliye tele ziwani amepoteza samaki mmoja. Aliyezembea na samaki wasiobaki kwingine amepoteza kabila zima, na hukumu yake imetegemea mambo madogo kama mpira wa mfuniko na sponji iliyoziba.

Mwingine atasema: wako watu wanaotembea mbali kutafuta maji, na wewe watufundisha kuwabadilishia samaki lita 13 kila juma? Hoja hii sitaikwepa, kwa maana lita 13 ni zaidi ya nusu ya ndoo kubwa anayoibeba mama kichwani. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, katika nyumba ambayo maji ya watu hayatoshi, samaki wa pambo asiwekwe. Na hili halipingani na hoja yangu, bali latoka ndani yake, kwa kuwa dhamana mpya haichukuliwi kwa kuinyima ile ya kwanza. Pili, maji yatokayo tangini si maji yaliyopotea. Nitrati, iliyo mzigo kwa samaki, ni chakula cha mimea, na mchicha ulionyweshwa maji hayo hulijua hilo bila kufundishwa. Lakini yule mwenye maji ya kutosha, aliyekwisha kuwafunga samaki, asiwatumie maskini kama udhuru wa uvivu wake. Maji anayowanyima samaki hayendi kwa maskini.

Basi mtu akituuliza afuge samaki au asifuge, tusimpe jibu la haraka. Tumwambie kwamba tangi jipya lenye chujio jipya halina bakteria wa kutosha, na kwamba kwa kawaida majuma manne hadi sita hupita kabla hawajaenea katika kauri. Katika muda huo inambidi atie amonia kidogo kidogo ili kuwalisha, apime maji, aandike, na angoje, ilhali ndani ya kioo hamna cha kutazamwa ila mchanga na makombe matupu. Amonia na nitriti zikisha kushuka hadi zisionekane katika kipimo, hapo ndipo alete samaki, tena wachache. Watu wengi hushindwa na kungoja huku. Huleta samaki siku ya kwanza, na samaki hulipa gharama ya haraka hiyo. Anayeweza kuyahudumia majuma sita maji yasiyo na kitu, kwa ajili ya viumbe ambao hawajaja na ambao wakija hawatamjua, huyo twaweza kumkabidhi samaki bila wasiwasi. Na kama siku moja atapewa kuangalia watu, nao huenda wakapona mikononi mwake.